Samaki wa Mdogo Wangu

Mimi ni fundi cherehani na nina hasira za karibu, wateja wangu wote wa Iyunga, hapa Mbeya, wanajua hilo. Kwa hiyo siku mdogo wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam, akishushwa kwenye basi kwa kubebwa mgongoni, miguu yote miwili ikining'inia, sikulia. Niligomba. Niligomba pale pale stendi mbele za watu, namuuliza miguu yako imekuwaje, kwa nini hukupiga simu, wewe ni mtu wa namna gani. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Dada, shikamoo. Nishikie kwanza hiyo ndoo, usiitikise."

Ndani ya ndoo kulikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa maji na hewa, na ndani ya maji kulikuwa na samaki. Mmoja tu, mrefu kama kidole changu cha shahada, rangi ya chungwa lililoiva, na mistari mitatu myeupe iliyozungushiwa weusi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye basi kutwa nzima, ndoo katikati ya miguu isiyojua kama kuna ndoo. Nikamwambia, "Hivi wewe umerudi na mboga ya mtu mmoja?" Akacheka. Ilipita muda mrefu kabla sijamsikia akicheka tena.

Watu huniuliza mtu wa milimani alikwendaje kuwa mzamiaji wa baharini. Baba yetu alikuwa Mhehe wa Iringa, lakini kazi ilimpeleka Rujewa kwenye mashamba ya mpunga, na sisi tulikulia huko, kwenye mifereji. Mdogo wangu aliogelea kabla hajajua kusoma. Mama alimchapa, mimi nilimchapa, hakuacha. Alipokwenda Dar kutafuta maisha, akakutana na bwana mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo nje ya nchi, akitafuta vijana wasioogopa maji. Wakawa wanashushwa chini kwenye miamba na mpira wa hewa mdomoni, mashine ya kusukuma hewa iko juu kwenye boti, wao wako chini na vyandarua wanavizia samaki wadogo. Siku moja mashine ikazimika. Mdogo wangu alikuwa chini sana. Alipanda juu kwa haraka kwa sababu mtu akikosa hewa hapandi taratibu, na hewa ikamharibia damu na uti wa mgongo. Alifika juu akiwa mzima, akaongea, akanywa maji. Baada ya nusu saa akataka kusimama, miguu ikakataa. Yule bwana alimlaza hospitali siku chache, halafu simu yake ikawa haipatikani. Wenzake ndio waliomkatia tiketi, wakamuuliza anataka nini aondoke nacho. Akasema anataka samaki mmoja.

Nilikasirika kwa hilo kuliko kwa kila kitu. Mtu amekula miguu yako, wewe unaondoka na samaki!

Wenzake walimpa pia tangi la kioo, mashine ya kuzungusha maji, kifimbo cha kupasha maji moto, na ndoo nzima ya chumvi maalumu ya unga ambayo kule kazini waliwawekea samaki. Tulijenga kiguzo cha matofali sebuleni, tukaweka tangi juu yake, kando ya cherehani yangu. Yeye alilala kwenye godoro chini, akinielekeza kwa kidole. Mashine ikaanza kuunguruma, mm-mm-mm, usiku na mchana. Alinifundisha sheria zake. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu chumvi haikauki, inabaki. Chumvi unaweka pale tu unapobadilisha maji. Kulikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha kiasi. Nilishika yote, japo nilikuwa nikinung'unika, kwa sababu mimi nikifundishwa kitu mara moja basi.

Shida haikuwa samaki. Shida ilikuwa kwamba mdogo wangu alikataa kula. Wiki ya kwanza nilidhani ni uchovu. Wiki ya pili nikaona mifupa ya mabega inatokeza, nikajua huyu amekata shauri. Nilipika ndizi, nikapika wali wa Mbeya wenye harufu hadi nje barabarani, alikula vijiko viwili ananirudishia sahani. "Dada, nimeshiba." Umeshiba nini, hewa? Nikamwita mama mchungaji akaomba naye, akaitikia amina kwa adabu zote, na chakula hakugusa. Nilikuwa peke yangu naye. Baba na mama walishakwenda, na mume mimi sina, alishanikimbia na hasira zangu. Huyu alikuwa ndiye mtu wangu wa mwisho, na alikuwa anajiua mbele yangu kwa upole, bila kumsumbua mtu.

Asubuhi moja samaki naye akagoma. Kilikuwa kipindi cha baridi, mwezi wa saba, na ile baridi yetu mnaijua. Kifimbo cha moto kilikuwa kimeshindwa. Samaki alikaa kona moja akipepea mapezi, chakula kinapita mbele ya pua yake hakitazami. Mdogo wangu akaanza kuhangaika kwelikweli, anataka kukaa, anataka nimsogeze. "Dada, atakufa! Dada, fanya kitu!" Nikaona mlango umefunguka. Nikasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, nikamwambia, "Sikiliza wewe. Nitamhangaikia huyo mdudu wako kama mtoto niliyemzaa. Lakini siku akila, na wewe unakula. Asipokula, usile. Tumeelewana?" Akasema, "Tumeelewana."

Nikamshonea samaki koti. Msicheke, ni kweli. Nilichukua blanketi la zamani la shule, nikalikata kwa vipimo vya tangi pande tatu na juu, nikaweka bitana, nikatia zipu ya suruali ya jinzi upande wa mbele ili tuweze kufungua tumtazame. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa za soda, nikazining'iniza ndani ya tangi kwa kamba, nazibadilisha kila zikipoa. Umeme ukikatika, nilikuwa nabeba betri ya pikipiki ya jirani kuendeshea mashine. Wateja waliokuja kupima sare za kwaya waliishia kuinama mbele ya zipu. Siku ya tatu samaki akashika kipande cha chakula. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. "Amekula! Amekula huyu mshenzi!" Nikakimbilia jikoni, nikaleta kikombe cha uji wa ulezi, nikakaa chini kando ya godoro. Mdogo wangu akafungua mdomo.

Basi ikawa hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Anauliza, "Amekula?" Najibu, "Amekula." Ndipo uji unapita. Akanenepa kidogo. Akaanza kunishonea vifungo akiwa amelala ubavu. Kulikuwa na miezi ambayo, nikikumbuka sasa, ningeweza kuiita ya furaha kama ningeambiwa mapema kinachokuja.

Kilichokuja ni kidonda. Mtu asiyesikia sehemu ya chini ya mwili, hata umgeuze vipi, siku moja utachelewa. Nami nilichelewa, nilikuwa na sare za mahafali. Kilianza chini ya mgongo, chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, na baada ya mwezi mmoja nesi alipokisafisha niliona mfupa. Nesi aliniambia nje, polepole, kwamba vidonda vya namna hii vikishaingia kwenye mfupa kazi yake huwa ni kurudi. Harufu ikaanza. Mdogo wangu aliisikia kabla yangu, na aliona wateja wanavyoshika pua kwa ujanja. Siku moja akasema nimhamishie chumba cha ndani. Nikakataa. Akasema, "Dada, naomba. Naona haya." Nikamhamisha. Tangi halikuwezekana kuhama, uzito wake na matofali yake. Nikaacha milango wazi ili asikie mashine ikiunguruma, na yeye akawa hamwoni tena samaki wake, anaisikia mashine tu.

Mwezi wa tatu, masika yamekolea, chumvi ile ya unga ikafika chini ya ndoo. Nilimpigia rafiki yake wa Dar aliyekuwa akitutumia nyingine kila inapoisha, simu haipatikani. Nikapiga siku nne. Maji ya tangi yalishaanza kuwa ya njano, ilibidi yabadilishwe. Mdogo wangu alikuwa na homa, anaweweseka, sikutaka kumwambia. Na kusema kweli, kulikuwa na kiburi pia. Nilijiona nimeshakuwa mtaalamu.

Chumvi ya dukani alishanikataza, alisema ina dawa ndani. Nikakaa nikafikiri, nikakumbuka Rujewa. Wafugaji wa kule wana chumvi ya ng'ombe, yale mawe mekundu wanayoyaweka zizini yalambwe. Sisi tukiwa watoto tuliyalamba pamoja na ndama. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa akiiba kipande anaweka mfukoni kama pipi. Wala hatukuumwa, tulikua tukawa watu. Nikajiambia, hii ndiyo chumvi safi, ya mawe, haina mambo ya dukani. Nikamwagiza mama mmoja anayeleta mchele kutoka huko, akaniletea jiwe zima limefungwa kwenye kiroba.

Nililiponda kwenye kinu. Nikaliyeyusha, nikachuja kwa kitambaa mara tatu mpaka maji yakaacha wekundu. Nikaweka kipimo cha kioo, kikaelea pale pale panapotakiwa. Nikaonja kwa ulimi kama ninavyoonja mboga, chumvi ikawa ile ile. Nilifurahi, jamani. Nikabadilisha maji huku naimba wimbo wa kanisani. Ni baadaye sana nilipoambiwa na mtu wa mifugo kwamba mawe yale yana madini mengi wanayochanganyiwa ng'ombe, yakiwemo ya shaba, ambayo ng'ombe anayahitaji na samaki wa namna ile yanamuua. Kipimo kilinionyesha wingi wa chumvi. Hakikunionyesha ni chumvi gani.

Asubuhi iliyofuata samaki alikuwa juu ya maji anahema. Nikabadilisha maji tena, lakini nibadilishe na nini? Nilikuwa na chumvi ile ile. Kufika jioni alilala ubavu kwenye kona ya mashine, mkondo unamzungusha kidogo, unamwachia, unamzungusha tena. Nikamtoa kwa kichujio cha chai. Alikuwa mwepesi sana. Ile rangi ya chungwa ilikuwa bado inang'aa, na mimi nimesimama na kichujio mkononi, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, nasikia sauti kutoka chumba cha ndani. Homa ilikuwa imeshuka siku hiyo. Sauti ilikuwa safi.

"Dada. Amekula?"

Mungu atanihukumu, lakini sikuchukua hata muda wa kufikiri. "Amekula," nikasema. Nikafunga samaki kwenye kipande cha bitana, nikamficha nyuma ya cherehani, nikaosha mikono, nikapeleka uji. Akafungua mdomo, akanywa wote.

Kesho yake nilimzika samaki kwenye kitalu changu cha maboga. Nilirudi ndani nikiwa nimeamua kuzima mashine, mkono ukafika kwenye swichi ukakataa. Nikizima atasikia. Akisikia ataniuliza. Nikimjibu ukweli, hatakula tena, na mimi nitakaa kwenye kiti namtazama anavyokwisha. Nikaiacha iunguruze maji matupu.

Miezi mitatu. Miezi mitatu mashine ile iliunguruma kwa ajili ya tangi lisilo na kitu. Nilifunga zipu ya koti ili wateja wasione, nikawaambia samaki anaumwa, hataki mwanga. Nilikuwa nagonga kioo kidogo na kopo la chakula ili asikie kule ndani kwamba nalisha. Hata nilikuwa nagomba na samaki, kama zamani. "We nawe, kula basi, usinichezee!" Nagomba na maji. Kisha nasimama mlangoni nasema, "Amekula," nashusha pumzi, namnywesha. Kila siku nilikuwa naogopa aombe abebwe akamwone. Nilishatunga maneno ya kumzuia, kidonda kitaumia, baridi, ngoja upate nguvu. Hakuomba hata siku moja. Nilishukuru, nikadhani Mungu ananisaidia.

Siku moja alinitia hofu kuliko zote. Nilikuwa nashona, akaita. "Dada, maji yamepungua kwenye tangi." Nikaacha kushona. Nikamuuliza amejuaje. "Mlio umebadilika, inavuta hewa. Ongeza, isije ikaungua." Kweli nilikuwa nimesahau kuongeza maji, nani anawaongezea maji wafu? Nikachemsha, nikapoza, nikaongeza. Mlio ukarudi kuwa mm-mm-mm. Akasema kutoka ndani, "Sasa sawa. Ahsante, dada."

Kidonda kilirudi kama nesi alivyosema. Tulilazwa, tukarudishwa. Mwezi wa sita shangazi yetu, dada yake baba, akaja kutoka Mlandege, Iringa, na kikapu cha unga wa ulezi na blanketi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, haongei ovyo. Alimwamkia, "Kamwene, mwanangu," naye akamjibu kwa Kihehe, na mimi nikashangaa kwamba bado anakikumbuka. Alasiri moja shangazi alikaa naye ndani, mlango umefungwa, kwa muda mrefu. Nilisikia sauti ya mdogo wangu, chini chini. Shangazi alipotoka alipita moja kwa moja hadi uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimuuliza kasema nini. Akasema, "Ametubu dhambi zake. Ni chache."

Siku ya pili asubuhi nilikoroga uji kama kawaida. Nikagonga kopo kwenye kioo, nikagomba kidogo, nikachukua kikombe, nikasimama mlangoni. "Amekula," nikasema. Nikasema tena, "Amekula, mdogo wangu, amka." Shangazi alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alishamfunga kidevu kwa kitenge.

Mnajua nyumba ya msiba. Kabla ya saa nne viti vimeshatoka nje, wanawake wako kwenye mikeka sebuleni, wanakwaya wamefika na sare nilizowashonea mimi. Redio inazimwa, televisheni inafunikwa, ndivyo ilivyo. Mimi nilikaa nimeegemea matofali ya tangi, mgongo wangu unasikia ule mtetemo wa mashine, na ndicho kitu pekee kilichonishikilia. Shangazi akanyanyuka kutoka mwisho wa mkeka, akapita kati ya watu, akainama nyuma yangu, akazima swichi.

Niliruka. Sikumbuki vizuri, wananisimulia. Nilimpigia kelele mama mtu mzima, dada wa baba yangu, mbele ya mama mchungaji na wazee wa usharika. "Washa! Nimesema washa! Nani kakuambia uzime? Nyumba ya nani hii?" Nilimshika mkono nikamvuta. Watu wakasema, mwacheni, ni uchungu. Mmoja akasema, kwa upole tu, "Mama, katika msiba hatuachi vitu vinaunguruma." Nikamtukana na yeye.

Shangazi hakuuchomoa mkono wake. Alisubiri nimalize, kama mdogo wangu alivyonisubiri stendi.

"Mimi sijazima kwa sababu ya msiba, mwanangu," akasema. "Nimetumwa. Jana aliniambia, 'Shangazi, nikifa, kitu cha kwanza uzime ile mashine. Dada hawezi kuizima mwenyewe. Samaki alikufa siku nyingi. Nilimsikia anamtoa.'"

Nilikaa chini. Nyumba yangu, ambayo sikuwahi kuisikia kimya tangu alipokuja, ikawa kimya. Kikombe cha asubuhi kilikuwa bado kwenye meza ya cherehani, uji umeganda juu. Miezi mitatu, asubuhi na jioni, nilisimama kwenye ule mlango nikamwambia amekula, naye akafungua mdomo.